Fundi baiskeli wa Igoma, chini ya mwarobaini

Spoki ilikatika Jumanne asubuhi, nikiwa kati ya Kisesa na Igoma, huku Mwanza, na kwenye keria nimefunga madaftari ya kidato cha pili. Aliyepanda baiskeli miaka mingi anaujua ule mlio: ting, mara moja tu, kisha gurudumu la nyuma linaanza kuyumba na breki inagusa ringi kila mzunguko. Nikashuka, nikaizungushia ile spoki iliyokatika kwenye mwenzake isije ikanasa kwenye fremu, nikaenda polepole mpaka shuleni. Jioni nikaikokota baiskeli mpaka kwa fundi ninayempelekea kazi zangu huu mwaka wa sita. Sijawahi kuandika neno juu yake popote. Leo naandika.

Kibanda hakina bango wala jina. Ukitoka barabara kuu ya Musoma pale Igoma, ingia njia ya kwenda Kishiri, tembea kidogo, utaona mwarobaini mkubwa umetundikwa matairi makuukuu kwenye tawi lake la chini. Hilo ndilo bango. Chini yake pana mabati manne juu ya miti, sanduku la mbao la vipuri, beseni la maji ya kutafutia pancha, pampu ndefu ya kusimama na benchi moja la wateja. Harufu ni ya grisi na solusheni. Mzee mwenyewe utamkuta kwenye kigoda, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Msalimie kwanza. Ukisema "Mwangaluka" atakuitikia kwa furaha hata kama Kisukuma chako kinaishia hapo hapo, atauliza habari za nyumbani, za kazi na za mvua, ndipo aitazame baiskeli. Mwenye haraka ajue hilo mapema.

Niseme na mimi ni nani, maana maoni ya mtu juu ya fundi yanategemea anakipenda kiasi gani kile kinachotengenezwa. Mimi ni mtoto wa baiskeli. Baba alinunua Phoenix mwaka 1988 baada ya kuuza pamba, kijijini kwetu Magu, nami nikiwa na miaka kumi. Nyeusi, breki za vyuma, dinamo ya taa ubavuni mwa tairi. Kwenye keria ile zilipita pamba, mahindi, mbuzi mmoja mkaidi, na mama yangu siku alipopelekwa zahanati kujifungua mdogo wangu wa mwisho. Siku hiyo baba hakuipanda. Aliikokota njia nzima, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine mgongoni kwa mama, akikwepa kila shimo. Nilikuwa nyuma nimebeba ndoo na kanga. Hadi leo nikiona mwanamume anakokota baiskeli taratibu na mtu ameketi nyuma, nasimama.

Wapo wanaopenda mpira hadi wakose usingizi timu yao ikifungwa. Mimi napenda baiskeli hivyo hivyo. Jumamosi nisipokuwa na kazi natoka alfajiri mpaka Kayenze, na zikiwa ni siku za giza la mwezi nafika ziwani dagaa wa usiku wakiwa ndio kwanza wanaanikwa. Jioni nyingine napandisha Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma kwa sababu moja tu, kwamba kuna mlima wa kupanda. Nafundisha fizikia, na mada ya mashine rahisi siianzii ubaoni. Naingia darasani na baiskeli, naipindua chini juu, wanafunzi wanahesabu meno: 44 mbele, 18 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na karibu nusu. Tunatoka uwanjani na futi kamba, tunapima: karibu mita tano na nusu kwa mzunguko mmoja wa mguu. Yupo mtoto kila mwaka ambaye hapo hapo uso unabadilika. Nawaambia kwamba umbo hili, magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na cheni inayoendesha la nyuma, lilitoka Coventry, Uingereza, mwaka 1885, aliyelitengeneza ni John Kemp Starley na akaliita Rover. Na kwamba mwaka 1888 Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akaleta tairi la upepo. Ukiichukua Phoenix ya baba ukaiweka karibu na picha ya ile Rover, utaona ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa kazi ya fundi.

Wengi hudhani mzigo wa baiskeli unasimama juu ya spoki za chini, kama nyumba juu ya nguzo zake. Sivyo. Spoki ni nyembamba mno, haiwezi kubeba kwa kusukuma. Isimamishe mezani uibonyeze kwa kidole, itapinda. Kazi yake ni kuvuta. Gurudumu langu la nyuma lina spoki 40, la mbele 32, na zote zinaivuta ringi kuelekea katikati kwa wakati mmoja. Ukikaa kwenye siti, zile zilizo chini hulegea kidogo. Gurudumu likigeuka hukaza tena, na nyingine zinashika zamu. Kulegea na kukaza, maelfu ya mara kati ya Kisesa na Igoma. Spoki iliyofungwa legelege tangu mwanzo ndiyo inayochoka upesi, na mara nyingi hukatikia shingoni, pale inapopinda kuingia kwenye kitovu cha gurudumu. Kwa hiyo fundi anayekubadilishia spoki iliyokatika akakwambia nenda, hajatengeneza kitu. Wiki ijayo utarudi na nyingine.

Huyu mzee hakwenda shule zaidi ya darasa la nne, kwa maelezo yake mwenyewe, na hayo yote anayajua kwa vidole. Alilivua gurudumu, akatoa tairi na tyubu, akafungua lile gurudumu dogo la meno, akaiweka spoki mpya. Halafu akaanza kuzipiga zote kwa ukucha, moja moja, kichwa kimeinama, kama mpiga zeze anayesawazisha nyuzi. Zilizokaza zilitoa sauti ya juu, zilizolegea zilitoa sauti nzito, isiyo na mwangwi. Akazikuta tatu za aina hiyo, zote upande mmoja na ile iliyokatika. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu, hii haikukatika leo. Ilianza kukatika siku ile ulipobeba saruji."

Saruji hiyo niliibeba mwezi wa pili, mfuko mmoja, kwa ajili ya kuziba ufa wa ukuta wa jiko. Nilipita hapo kwake kujaza upepo tu. Yeye anakumbuka.

Kunyoosha ringi kulichukua dakika arobaini. Anaiweka baiskeli kichwa chini, anashika chaki karibu na ringi, anazungusha. Pale panapochomoza chaki inaacha alama. Anakaza upande huu robo mzunguko, analegeza upande ule robo mzunguko, anazungusha tena. Hafiki nusu mzunguko hata siku moja. Alama za chaki zinaanza kuwa vipande, vipande vinarefuka, mwisho chaki inagusa ringi nzima mzunguko wote, na hapo anaweka bisibisi chini bila kusema kitu. Mimi nimekaa kwenye benchi lile nikitazama kazi hiyo zaidi ya mara ishirini na bado najisikia vizuri kila ile alama inapokamilika.

Alinitoza shilingi 4,000, spoki ikiwemo. Kuziba pancha kwake ni 500, na kiraka chake anakisugua kwa msasa na kukisubiri solusheni ikauke, hakibandiki mbichi. Kufungua yote, kuosha gololi kwa mafuta ya taa, kuweka grisi mpya na kurudisha kila kitu mahali pake nililipa 12,000 mwanzo wa mwaka. Spoki nyingine niliwahi kuzinunua mwenyewe katika duka moja mjini, zinang'aa kama fedha. Alichukua moja akaikunja kwa koleo, ikakatika kama njiti ya kiberiti. Akanipa vile vipande viwili nishike. Tangu hapo vipuri anatafuta yeye.

Yapo nisiyoyapenda. Hasemi bei mpaka amalize, na kwa mtu anayehesabu nauli hilo linatia wasiwasi. Hapokei simu. Akikwambia "kesho" uliza kesho ipi. Baiskeli za gia, zile zinazohamisha cheni kwa waya, anazifanya lakini hazimpendezi, na vipuri vyake hana. Ukiwa na ya aina hiyo utakaa siku kadhaa bila usafiri. Mvua ikinyesha kwa upepo kutoka ziwani kibanda chote kinalowa na kazi inasimama. Mimi nayavumilia yote hayo, nawe pima mwenyewe.

Lakini sababu iliyonifanya nikae kuandika haimo katika hizo bei.

Siku moja, zamani kidogo, nilikuwa kwenye benchi nikisubiri, akaja kijana na Avon nzuri sana, za India zile, rangi haijachubuka. Alitaka ioshwe na ikazwe vizuri kwa sababu anaiuza. Anaongezea kianzio cha boda ya mkataba, pikipiki ya mtu unayoilipia kidogo kidogo mpaka iwe yako. Mimi nilisikia kama mtu ananiambia anauza ng'ombe wa maziwa anunue mbwa. Nikaanza. Nikamwambia habari za bei ya petroli, habari za ajali, habari za afya ya moyo, nikamwambia kwamba kwa nguvu ile ile anayotumia kutembea baiskeli inamfikisha mara tatu ya mbali, na pikipiki yake itakunywa pesa kila asubuhi. Sauti yangu ya darasani ilikuwa imeshatoka. Kijana alitazama chini.

Mzee akasema, "Mwalimu, nishikie hapa."

Akanipa gurudumu, mkono mmoja huku, mkono mwingine kule, sawa kabisa na mtoto anayepewa kazi. Nikalishika. Halikuhitaji kushikwa, stendi yake ipo, naijua. Wakati nimelishika yeye akamgeukia kijana, akamuuliza: mkataba ni wa miezi mingapi? Kadi ya pikipiki inabaki kwa nani? Ukiumwa wiki nzima hesabu ya mwenye chombo inakuwaje, inasogezwa mbele au inaongezwa? Leseni umeanza kuishughulikia? Yule kijana aliinua uso. Maswali mawili hakuwa na majibu yake, akasema atakwenda kuuliza kabla ya kuweka saini. Kisha mzee akaifanyia kazi ile Avon kwa muda wa saa nzima na zaidi. Alifuta cheni pingili kwa pingili, akanyoosha madigadi, akaipa kengele mlio wake. Aliitengeneza kama inakwenda harusini, wakati ilikuwa inakwenda kuuzwa ili mtu aachane na baiskeli. Akamwambia na bei asiyopaswa kushuka chini yake.

Baada ya wiki kadhaa kijana alirudi na pikipiki kuweka upepo. Mzee aliizunguka yote, akagusa cheni, akamwambia imelegea, akaikaza, hakutaka hela.

Mimi nilikuwa mtu wa kuhubiri. Nasema hivi bila kujificha. Katika chumba cha walimu, mwenzetu mmoja alipokopa akanunua pikipiki, nilichukua chaki wakati wa chai nikamwandikia ubaoni: lita kwa wiki, bei ya lita, wiki za mwaka, riba ya mkopo. Hesabu ilikuwa sahihi. Alicheka mwanzoni. Siku ya pili nilipoendelea hakucheka, na ya tatu akahamia meza ya dirishani. Sikuwa nimemuuliza hata swali moja. Ningemuuliza ningejua kwamba watoto wake wawili wanasoma shule mbili tofauti, na mkewe huwa sokoni na vitunguu kabla ya jua kuchomoza, na ile pikipiki ndiyo inayowafikisha wote wanne kwa wakati. Nilimwomba radhi mwaka jana siku ya mahafali. Akasema alishasahau. Lakini bado anakaa meza ya dirishani.

Na kinachoniuma ni kwamba upande wa pili wa jambo hili naujua vizuri. Nimewahi kusikia mzazi akiuliza, mbele ya wanafunzi wangu, "Mwalimu, kwani serikali haiwalipi?" kwa sababu tu nilikuwa nashuka kwenye baiskeli. Nimewahi kufika kwenye sherehe, mlinzi akanionyesha mlango wa nyuma wa kuingizia vyakula. Kwa watu wengi baiskeli ni ya yule ambaye hajapata kitu kingine. Najua uzito wa kutazamwa juu ya kile ulichopanda na kuhukumiwa hapo hapo. Nilikuwa naujua uzito huo, na bado nikamtwika mwenzangu.

Mtoto wa kwanza wa mzee anaendesha boda. Mchana anakuja kuegesha chini ya mwarobaini ule ule, anakula ugali na baba yake, anapumzika kidogo, anaondoka. Nilimwuliza mzee siku moja kama haumii, maana nilidhani mtu aliyetengeneza baiskeli zaidi ya miaka thelathini lazima aumie kijana wake akienda upande mwingine. Alikuwa anaosha gololi kwenye kopo. Alichukua muda.

"Niumie nini? Baba yangu mimi alikuwa mtu wa ng'ombe. Ng'ombe tu, hana neno jingine. Nilipoanza kushika spana alikuja akakaa hapo ulipokaa wewe, akaniangalia kutwa nzima. Jioni akasema mhola, yaani salama, akaenda zake. Kesho yake akaniletea maziwa."

Akarudi kwenye gololi zake. Nilisubiri aendelee, hakuendelea.

Msije mkadhani haipendi kazi yake, au kwamba kwake yote ni sawa tu. Mtu anayefunga ringi robo mzunguko kwa robo mzunguko hawezi kuwa hivyo. Mpe nafasi aanze kuzungumzia fremu za zamani, namna bomba zilivyoungwa kwa viungio badala ya kuchomelewa moja kwa moja, macho yake yanakuwa ya kijana. Anayo Raleigh moja ya Nottingham ambayo haiuzi kwa bei yoyote, ameifunika kwa gunia na huifunua mara moja moja tu, kwa mteja atakayeomba mwenyewe. Kwa asiyeomba haifunui. Nimekaa na watu wengi wenye kupenda kitu, wa kwaya, wa mpira, wa kilimo, na mimi mwenyewe nikiwa miongoni mwao, na kwa huyu nimeona jambo ambalo sijaliona kwingine: mapenzi yake hayamdai mtu aliye mbele yake kitu chochote. Ukija na toroli la tairi bovu atalitengeneza. Ukija na kiti cha magurudumu cha mgonjwa atakupisha mbele ya foleni. Watoto wanamletea mipira ya kujaza upepo na anaijaza, ingawa mpira hautazami hata fainali.

Binti yangu alimaliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita. Nilimnunulia baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ya rangi ya maziwa, kikapu mbele, nyepesi kuliko yangu karibu nusu. Aliipanda mara mbili. Mimi niliifuta vumbi kila Jumapili, na niliifuta akiwepo, ili aone. Mwaka ukapita hivyo. Nilipoipeleka kwa mzee kubadilishwa matairi yaliyopasuka kwa kukaa tu, aliibonyeza ile mipira iliyonyauka akasema, "Hii inaumwa kukaa, mwalimu." Akaniambia nimlete mwenye baiskeli.

Alikuja, kwa shingo upande, simu mkononi, akakaa mwisho wa benchi. Nilijua kitakachofuata: mzee atamweleza uzuri wa baiskeli, na kwa kuwa si mama yake, atasikilizwa. Nilikuwa nimemleta kwa ajili hiyo. Mzee alimsalimia, akaendelea na kazi, kisha akamwuliza nywele zile alizosuka zinaitwaje, maana mkewe ana kichwa kinachouma akisukwa kwa kukazwa sana na angependa kitu laini. Binti akaweka simu chini. Akaeleza namna ya kuanza bila fundo, kiasi cha nywele za kuongeza kidogo kidogo, muda wa kukaa nazo, mafuta ya kupaka kwenye ngozi. Alieleza kwa mikono yote miwili. Mzee alisimamisha kazi kabisa, kichwa kimeinama upande, akimsikiliza vile vile anavyozisikiliza spoki. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia mwanangu akizungumza kwa muda mrefu hivyo tangu amalize shule. Sijawahi kumuuliza habari za nywele hata siku moja.

Ile baiskeli ya maziwa tuliiuza hapo hapo kibandani, wiki ya pili, kwa binti mmoja anayesomea uuguzi. Mzee alishusha siti, akamwonyesha kuangalia breki kila asubuhi. Nilitokwa machozi kidogo akiondoka nayo, sikuyazuia. Fedha zilinunua vifaa vya kusukia, kioo na kigoda cha magurudumu, kile cha msusi kuzungukia kichwa cha mteja. Binti sasa ana kona yake barazani kwa jirani, Kisesa, na wateja wa Jumamosi wanampata kwa kupanga.

Mwezi uliopita gurudumu moja la kigoda kile lilikwama. Hakuniomba nikitazame. Alikipakia kwenye daladala mwenyewe akakipeleka Igoma, nikamkuta huko nilipotoka kazini. Kilikuwa kimepinduliwa chini juu mahali ilipokuwa imepinduliwa Phoenix yangu wiki mbili kabla, na mzee anavuta nywele zilizojizungusha kwenye ekseli, moja moja, kwa koleo ndogo. "Hii nayo ina gololi," akaniambia, amefurahi. Alipomaliza tulikifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Daladala zilikuwa zimejaa, binti hakutaka kupakiwa, basi nikaikokota baiskeli tukatembea pamoja mpaka giza linaingia, yeye upande ule, mimi upande huu, akinisimulia mteja mmoja asiyelipa.

Kwa kigoda alitoza shilingi 1,000. Mzee hayupo Jumapili. Nenda na noti ndogo, chenji kwake huwa haipo.